Mkaaji Rasmi wa Majengo Yaliyopona

Kwanza niseme kwamba Serikali yetu ni nzuri sana. Naliweka hili juu kabisa ya karatasi ili msomaji mwenye haraka, hasa yule ndugu wa Idara ya Kusoma Barua za Watu, alione mapema na asisumbuke kufika chini. Jina la nchi yetu silitaji. Si kwamba naficha, ni kwamba naogopa. Nitaogopa mara nyingi katika maelezo haya, mnivumilie, maana kuogopa ndiyo kazi niliyoajiriwa kuifanya ingawa kwenye mkataba wameipa jina lingine.

Naitwa Mahundi. Cheo changu ni Mkaaji Rasmi, Daraja la Pili, Wizara ya Uponaji wa Majengo. Wizara hii iliundwa wiki moja baada ya lile tetemeko la sekunde kumi na moja, ambalo redio ilitutangazia asubuhi kwamba halikutokea, na jioni ikatangaza kwamba limeshughulikiwa. Nyumba yangu haikusikia tangazo lolote kati ya hayo mawili. Ilikaa chini yote, mimi na mke wangu Siwema na binti yetu Adimu tukatoka na godoro moja na redio yenyewe.

Wakaja wataalamu kutoka nje, watu wapole wenye kofia ngumu, wakatuandikia kitabu kinene: namna ya kukarabati jengo lililoumia, na namna ya kujenga jipya ili siku likipigwa liinuke haraka. Nondo zifungwe hivi, paa liwe jepesi, milango ifunguke kwa nje, na juu ya kuta upite mkanda wa zege unaozunguka jengo zima kama mshipi wa suruali. Waziri wetu, Mheshimiwa Daktari Kasembe, alikisoma kitabu chote kabla ya chakula cha mchana, nacho kina kurasa mia nne. Neno lililomgusa ni "haraka". Akatangaza kwamba katika nchi yetu jengo lolote litapona ndani ya siku arobaini, na jengo litakalochelewa litachukuliwa hatua.

Ule mkanda wa zege, kwenye michoro, ulikuwa umepakwa rangi ya kijivu ili uonekane. Mafundi wa Wizara wakafuata mchoro kwa uaminifu mkubwa. Majengo yote ya nchi yakapakwa mstari wa kijivu chini kidogo ya paa, upana wa sentimita ishirini, umenyooka utafikiri umepigwa rula. Mtaalamu mmoja alipouona alikaa kwenye majani akaomba maji ya kunywa. Magazeti yetu yaliandika kwamba alizidiwa na furaha.

*

Sasa kazi yangu. Huku kwetu tangu zamani fundi akimaliza nyumba haikabidhi siku hiyohiyo. Anahamia yeye kwanza, na mkewe, na watoto, na sufuria zao, anakaa siku saba. Zikipita salama, mwenye nyumba anapokea ufunguo. Hakukuwa na karatasi wala muhuri. Fundi ambaye wanawe wako chini ya paa lile hapunji saruji.

Bunge likaupenda mtindo huo likaufanya kuwa sheria: ofisa yeyote atakayesaini kwamba jengo limepona, akae humo siku arobaini na familia yake. Sheria nzuri, wallahi. Kwa miezi miwili hakuna ofisa aliyesaini kitu chochote. Wakurugenzi wote waligundua kwa pamoja kwamba wana pumu ya vumbi la saruji, na wake zao wote wakawa masomoni nje.

Basi sheria ikaboreshwa. Ofisa sasa anaweza kukaa kwa njia ya mtu mwingine. Nafasi zikatangazwa, na sifa za mwombaji zilikuwa mbili tu: awe na familia, asiwe na nyumba. Siwema alilisoma tangazo lile mara tatu, akasema, "Baba Adimu, hapa wametuandika sisi."

Tumekaa katika majengo manane. Siku ya arobaini ninatoka mlangoni mbele ya wageni na kutamka maneno yaliyowekwa kisheria: "Nimekaa, nimetoka, sina neno." Watu wanapiga makofi, Mkurugenzi anasaini, wenye jengo wanaingia. Moja katika hayo manane, lile soko la nafaka, lilianguka siku kumi na tisa baada ya mimi kutoka. Watu ishirini na wawili. Wizara ilieleza kwamba jengo lilikuwa limepona vizuri kabisa, ila lilikufa kwa jambo lingine. Mimi sikulala wala sikula kwa siku nne, maana yule aliyesema hana neno nilikuwa mimi, kwa mdomo huuhuu ninaolia nao.

*

Mwanzoni tulikuwa tunatumia vioo. Wale wataalamu walitufundisha: kwenye ufa unabandika kipande chembamba cha kioo, ukingo huu na ukingo ule, kwa plasta. Ukuta ukisogea hata unywele mmoja, kioo kinakatika, nawe unajua jengo linatembea. Kila asubuhi nilikuwa nazunguka na daftari nikisoma vioo. Vilikatika sana. Katika robo ya kwanza ya mwaka vilikatika vipande elfu moja na mia tatu nchi nzima.

Wizara ikashtuka kwa kweli. Ikaundwa kamati. Kamati ikakaa, ikala, ikaja na jibu kwamba kioo hakifai kwa mazingira yetu kwa sababu kina hulka ya kukatika. Tukaletewa mipira, ile ya tyubu za baiskeli, imekatwa vipande vizuri, imepigwa muhuri. Tukabandika mipira kwenye nyufa. Robo iliyofuata hakuna mpira hata mmoja uliokatika. Mheshimiwa Kasembe alitunukiwa nishani ya uponaji, na katika hotuba yake alisema taifa sasa linavutika lakini halikatiki. Nilipiga makofi. Kila mtu alipiga makofi.

*

Jengo la tisa ndilo hili. Ni bweni la ghorofa tatu katika shule ya wasichana, na ndiyo shule anayosoma Adimu, kidato cha pili. Wasichana mia tatu na kumi na wawili, tangu tetemeko wako kwenye mahema uwanjani. Siku tunaingia, Adimu naye alikuja kwa sababu sheria inataka familia nzima, na wenzake wakamshangilia. Walidhani baba yake amekuja kuwatoa kwenye hema.

Kwa macho jengo lilikuwa limependeza. Chokaa nyeupe, mstari wa kijivu, milango mipya inayofunguka kwa nje. Shida ilikuwa nguzo ya katikati, ile ya bwaloni, ghorofa ya chini, ambayo imebeba kila kilicho juu. Ilikuwa na ufa wa mshazari. Wiki ya kwanza ukucha uliingia. Wiki ya pili kikaingia kidole. Fundi wa Wizara akaja, akaujaza plasta, akapaka chokaa, akaipigapiga nguzo kwa kiganja akaiambia "pole", akaondoka. Siku ya thelathini Siwema aliingiza mkono mpaka kwenye kifundo. Alipoutoa akaenda kunawa, na nilimwona ananawa muda mrefu kuliko kawaida.

Jamani, hofu. Watu wanadhani hofu ni jambo la kupiga kelele. Sisi tulikuwa tunaongea kwa kunong'ona ndani ya jengo lile kama walio karibu na mgonjwa. Tulikuwa tunatembea kwa vidole. Siwema aliacha kutwanga, akawa anasaga pilipili kwa kijiko. Adimu alipopiga chafya siku moja, wote watatu tulitazama juu. Kila asubuhi kulikuwa na vumbi laini sakafuni chini ya ile nguzo, na kila asubuhi mke wangu alilizoa kimya kimya akalitia kwenye kopo la maziwa. Nilimuuliza analiweka la nini. Alisema hajui, ila hawezi kulitupa.

Nikaomba kuonana na Mkurugenzi wa Uponaji, Bwana Lutengano, mtu ambaye sahihi yake ndiyo inayosubiri mimi nitoke salama. Alikuja na mwavuli. Alisimama nje, hatua thelathini kutoka ukutani, akasema anapenda jua. Nikaongea naye kupitia dirishani.

"Mkurugenzi, shikamoo. Ile nguzo ya bwaloni inafunguka."

"Inapumua," alisema. "Jengo linalopona hupumua. Wewe ukiumwa hupumui?"

"Mpira umevutika, Mkurugenzi. Umefika sentimita tano."

"Umekatika?"

"Haujakatika."

"Sasa unalalamika nini, Mahundi? Jaza fomu kama wenzako."

Fomu ilikuwa na visanduku viwili. Kimoja kiliandikwa Limepona, kingine Limepona Sana. Nikamuuliza kama kuna mahali pa kuandika maoni. Akacheka vizuri tu, bila ubaya, akasema maoni yalikuwepo zamani lakini yaligundulika kuwa yanachelewesha uponaji. Halafu akasogea hatua moja mbele, akatazama ule mstari wa kijivu, akarudi nyuma hatua mbili.

"Mwanao anasoma hapa," alisema. "Nimeelekeza siku ya arobaini yeye ndiye awe wa kwanza kupanda ngazi na godoro. Ni heshima kubwa kwa familia yako."

Nikamshukuru. Ndiyo, nilisema ahsante.

*

Sherehe ya siku ya arobaini ilipangwa ifanyike nje, kwenye turubai la wageni, umbali wa kistaarabu kutoka kwenye jengo. Saa nne mvua ikaanza, na turubai la wageni, ambalo lilitolewa na Wizara yetu, likakaa chini. Mheshimiwa Waziri, wabunge, bendi ya tarumbeta, mwalimu mkuu, wote wakakimbilia mahali pakavu palipokuwa karibu. Walipokuja kukumbuka pale ni wapi, walikuwa tayari wamekaa bwaloni, na kamera zinawatazama. Hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kuinuka.

Mheshimiwa Kasembe alisema maneno makubwa. "Ndugu wananchi, mataifa mengine yanajenga ili majengo yasianguke. Hiyo ni dharau kwa majengo. Sisi tunayaamini. Leo hii nchi ambazo zilikuwa zinatucheka zinatuma vijana wao kuja kujifunza kwetu jinsi ya kupona kabla hata ya kuumwa." Makofi. Alikuwa ameegemea ile nguzo. Siwema alikuwa pembeni yangu, amenishika mkono, na kucha zake zilikuwa zimeingia kwenye ngozi.

Wasichana walikuwa wamepanga mstari uwanjani, kwenye mvua, magodoro kichwani. Wa kwanza alikuwa Adimu. Mshereheshaji akasema sasa Mkaaji Rasmi atamke, na wakati anatamka watoto wapande, ili kamera ipate vyote kwa pamoja. Bendi ikaanza. Ngoma ile kubwa ikapiga mara moja, mbili, na mimi nikaanza, "Nimekaa, nimetoka," na nikamwona Adimu anaingia mlangoni, anaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza. Nyuma yake miguu ya wenzake, mingi. Ngazi ya pili. Ya tatu. Nguzo ikatoa sauti ndogo, tk, kama mtu anayevunja kijiti cha meno.

Nilichofanya sikukipanga, na mahakamani nilisema hivyo hivyo. Nilikimbia. Nilimpitia mtoto wangu pale ngazini nikambeba na godoro lake, nikatoka naye mlangoni, Siwema mbele yangu anawapigia kelele wasichana watoke, nikaenda mpaka katikati ya uwanja nikaanguka kwenye matope. Na nilipogeuka niliwaona wanakuja. Maana nchi nzima inajua jambo moja: Mkaaji Rasmi ndiye mtu pekee anayejua kilicho ndani. Waliponiona nakimbia hawakuuliza. Mheshimiwa alikuwa mbele, na mbio zake, kwa umri ule, zilikuwa za kupigiwa mfano. Bwana Lutengano alipita juu ya mpiga tarumbeta. Milango ikafunguka kwa nje, kama kitabu kilivyosema, na ndani ya dakika moja hakukuwa na mtu bwaloni.

Tukasimama kwenye mvua tukilitazama jengo lianguke.

Halikuanguka.

Lilisimama pale, jeupe, na mstari wake wa kijivu. Dakika tano. Dakika ishirini. Mheshimiwa akagundua ana kiatu kimoja. Akamwambia Bwana Lutengano akamchukulie kile kingine. Bwana Lutengano akamwambia mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu, mama mtu mzima mwenye adabu zake, akasema magoti yanamsumbua. Kikaitwa kikosi cha zimamoto, wakasema wao ni wa moto. Watu mia nne, wenye vyeo vyote vya nchi, na kiatu kinaonekana kupitia mlangoni.

*

Nilishtakiwa kwa kosa la kulitia jengo hofu mbele ya wageni. Hakimu alinisomea hukumu kwa upole. Alisema sheria iko wazi: Mkaaji aliyekimbia kabla ya kumaliza kutamka amevunja hesabu, hivyo jengo haliwezi kusainiwa na mtu mwingine yeyote, na hakuna atakayehamia humo mpaka Mkaaji yuleyule athibitishe kwamba limepona. Kwa hiyo nirudishwe ndani. Nikae mpaka niweke sahihi kwamba limepona na kwamba siku ile nilisema uongo kwa vitendo. Au mpaka jengo lianguke, na hapo Serikali itanisafishia jina langu kwa heshima zote. Nikauliza kuhusu mke na mtoto. Akasema adhabu ni ya mtu mmoja, Serikali yetu haina ukatili.

Ndiyo maana naandika nikiwa hapa bwaloni. Leo ni siku ya sitini na moja tangu nirudishwe. Kila asubuhi nikiamka jengo likiwa limesimama, mimi ni mwongo mbele ya nchi nzima. Namwomba Mungu niendelee kuwa mwongo angalau mpaka jioni.

Ufa siutazami tena. Nausikia. Mchana jua likiwa kali nguzo inalalamika, halafu inanyamaza, na kule kunyamaza ndiko kunanimaliza. Nimehamisha mkeka mara kumi na sita nikitafuta kona ambayo ni salama zaidi, wakati nimekaa kwenye majengo tisa na najua kabisa kwamba kona hiyo haipo.

Kila siku saa tatu anakuja Bi Tumsifu, karani wa Wizara. Ni mtu mzuri. Haingii hata barazani. Amechukua mwanzi mrefu, kwenye ncha amefunga fomu na kalamu, anaunyoosha kupitia dirishani mpaka unanifikia. "Bwana Mahundi, za asubuhi," ananiambia kutoka kule. "Kile kisanduku cha kwanza tu. Sikwambii hata cha pili."

Wiki iliyopita alikuja mwalimu mkuu akasimama pale anaposimama Bi Tumsifu. Alisema mahema yanavuja, wasichana kumi na mmoja wana homa ya mapafu, masika ndiyo kwanza yanaanza. Hakunilaumu. Aliniuliza kama nina hakika. Nikamwambia, mwalimu, hakika sina, nina hofu tu. Akatikisa kichwa, akaondoka na magoti yake.

Jana akaja Siwema na Adimu, na chakula. Sufuria waliipitisha kwa mwanzi uleule. Adimu alikuwa anakohoa.

"Baba, wenzangu wanasema tunalowa kwa sababu yako."

"Ni kweli, mama."

"Wanasema lingekuwa bovu lingeshaanguka."

Siwema akamtanguliza, yeye akabaki. Alikuwa amekonda usoni. Alilitazama jengo kuanzia juu mpaka chini, halafu akanitazama mimi.

"Baba Adimu, weka sahihi utoke. Nimechoka kulala nimetega sikio."

"Nikiweka, wanaingia kesho yake. Yeye wa kwanza. Bado yumo kwenye ratiba."

"Najua."

"Basi nieleze nifanyeje."

Akainama akaokota kitu kilichodondoka, kumbe hakikuwa kitu. Kisha akasema kesho ataleta maharage, nisiache kula, akageuka akaondoka haraka bila kuniaga, na nikajua amenijibu.

Mimi si shujaa, naomba hilo liandikwe. Kama kalamu ile ingenifikia nikiwa peke yangu na nguzo, wakati inalia, ningeshaweka tiki kwenye visanduku vyote viwili. Leo asubuhi imelia kweli. Kipande cha zege kikubwa kama ngumi kimeanguka hatua mbili kutoka kwenye mkeka wangu, nami nikajikuta nimekaa chini ya meza, nimeuma kitambaa cha meza, nalitaja jina la mama yangu. Hapohapo mwanzi ukaingia dirishani na fomu yake.

Nilitoka chini ya meza. Niliishika kalamu. Kule uwanjani wasichana walikuwa wanapanga foleni ya uji kwenye tope, na nilijaribu kumtafuta wangu, lakini kwa mbali wote wamevaa sweta moja.

"Bwana Mahundi," Bi Tumsifu aliita. "Vipi, tayari?"

Nikamrudishia kalamu yake. Nikamwambia mhusika hayupo, aje kesho.